Samaki Mwekundu Juu ya Mwanzi Wetu

Mimi nilisoma gumbaru, yale madarasa ya watu wazima, na nikaacha nilipojua kuandika jina langu na kusoma Biblia bila kufuata mstari kwa kidole. Kwa hivyo anayesoma hapa asitafute maneno makubwa. Nitasema vile ilikuwa. Kiswahili changu ni cha sokoni Runyenjes na cha kanisani. Nyumbani tunasema Kiembu, na ng'ombe pia namgombeza kwa Kiembu.

Mambo haya yalitokea miaka ya tisini, huku juu Kibugu, mahali majani chai yanapoishia na miti ya serikali inapoanzia. Nilikuwa mjane tayari. Nilikuwa na chai yangu, ng'ombe mmoja wa maziwa, na mjukuu.

Nianze na mjukuu, kwa sababu bila yeye hakuna habari. Alikuwa msichana wa darasa la nne. Mama yake ni kitinda mimba wangu, na alimzaa akiwa bado nyumbani kwangu, hajaolewa. Baba ya mtoto alikuja na watu wa kutengeneza barabara. Barabara ikaisha, naye akaisha. Sasa, kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya mume. Hapa mume hakuwako, kwa hivyo mtoto akapewa jina langu. Mtu wa Embu akisikia kwamba mtoto wa kwanza anaitwa jina la nyanya aliyemzaa mama, anaijua habari yote bila kuuliza. Mimi sikuona aibu. Nilimpeleka kanisani mchana, na nilipoulizwa jina nililitamka kwa sauti ya kusikika hadi viti vya nyuma.

Na hakuniangusha. Alijua kusoma kabla ya kupewa viatu. Walimu walimtuma kwa darasa la tano awasomee wale wakubwa, wapate aibu. Nikienda kupeleka majani chai kituoni, wanawake waliokuwa kwenye foleni walikuwa wakiniambia, "Yule mwenzako leo ametushinda tena," na mimi nanyamaza kama mtu asiyesikia ili waseme mara ya pili.

Mama yake baadaye aliolewa Kianjai, huko Tigania, na kijana anayeuza nafaka. Kijana mzuri, hanywi. Lakini mama yake alikuwa mtu mgumu. Wakati wazee walipokuja na mbuzi wakazungumza mambo yote yanayozungumzwa, habari ya mtoto haikuguswa. Wakati wa kuondoka, yule mama alinivuta kando karibu na zizi akaniambia wazi kwamba wao wamekuja kumchukua msichana mkubwa, na huyu mdogo akae pale jina lake lilipotoka. Nikamwambia hata mimi sikuwa nimemfunga pamoja na mwingine kama mzigo. Tukaachana hivyo, kila mmoja akifikiri ameshinda.

Binti yangu alikuwa akija Krismasi, na sukari na kitambaa, na mtoto mgongoni. Kwanza mvulana mmoja, halafu wa pili. Mjukuu wangu alimwita "mama wa Kianjai", kama mtu anavyosema "shangazi wa Nairobi". Mimi aliniita cucu, yaani nyanya, kama wote. Hakuwa akiuliza kitu, nami sikuwa nikieleza kitu. Niliona yamekwisha.

Halafu akaja mwalimu Mjapani.

Aliletwa na serikali yao kufundisha hesabu na sayansi. Alikuwa msichana tu, mwembamba, miguu kama ya swala, na alipewa ile nyumba ya mwalimu ambayo paa lake linavuja upande wa jikoni. Tulidhani ataondoka kabla ya mvua. Hakuondoka. Alichota maji mtoni na kumwaga nusu njiani, akarudi tena. Alikula githeri na viazi na hakukunja uso. Kilichotushangaza zaidi ni Kiswahili chake. Alikuwa amefundishwa mahali fulani kabla ya kuja kwetu, na alikiongea kisafi, kila neno likiwa limenyooshwa kama shati la kanisani. Sisi tulikuwa tunaogopa kumjibu. Mara ya kwanza aliniita "bibi". Huku kwetu bibi ni mke wa mtu. Nikamwuliza, "Bibi ya nani? Mume wangu alikufa." Hakuelewa, lakini akainama kama anavyoinama kwa kila mtu, hata kwa muuza mafuta ya taa.

Kosa lake la kwanza nililiona kwa macho yangu. Alikuwa amepeleka watoto kuona mto, na waliporudi akawapanga barabarani mbele ya boma langu, akaanza kuwahesabu kwa kidole, mmoja, mmoja, kidole kikienda kifuani kwa kila mtoto. Nilikuwa na jembe. Nililiweka chini, nikaenda nikashika kile kidole nikakikunja nikakirudisha ndani ya mkono wake. Akanitazama. Nikamwambia watoto hawahesabiwi hivyo. Akauliza kwa nini. Nikamwambia ukimhesabu mtoto unamwonyesha yule anayechukua watoto kwamba wako wengi, na kwamba mmoja akipungua hautaumia. Watoto wanacheka, wamezoea rejista. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo alikuwa akiwahesabu kwa macho tu, midomo ikisogea kidogo, na nikiwa karibu hata midomo aliisimamisha.

Mwaka wake wa pili, mvua ndefu zikiwa zimeanza, akawaita wazazi shuleni. Tukakaa kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yakigusa videvu. Alituambia kwao kuna sikukuu ya watoto, mwezi wa tano. Kila nyumba husimamisha mlingoti mrefu nje, na juu ya mlingoti wanafunga samaki wa nguo. Upepo ukiingia mdomoni, samaki anajaa na kuogelea hewani. Mweusi mkubwa ni baba. Mwekundu ni mama. Chini yao wadogo, mmoja mmoja, kila mtoto na wake. Alisema yule samaki hupanda maporomoko ya maji na hakati tamaa, na ndivyo wazazi wanavyotaka mtoto awe. Alitaka tufanye sikukuu hiyo hapa, wazazi na watoto washone pamoja, kila boma na mlingoti wake, uwanja mzima uzungukwe.

Wazazi hawakukubali. Kwanza ilikuwa habari ya samaki. Sisi wazee hatukukuzwa na samaki. Wale wa mito yetu waliletwa na Wazungu na wakavuliwa na Wazungu, na mama yangu mpaka anakufa alisema ni nyoka aliyekatwa miguu, ukimwambia nyoka hana miguu anasema basi umeona. Lakini hilo lingepita. Vijana walikuwa wameshakula samaki Nairobi na hawakufa.

Tatizo lilikuwa lile lingine. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mzee mmoja mnene mwenye chai nyingi na watoto wengi kuliko chai, alisimama akavua kofia. Akamwambia mwalimu kwamba tunamheshimu, lakini hiyo ni hesabu. Mtu akipita barabarani ataangalia mlingoti wangu aseme, ahaa, hapa wako hawa. Ataweka macho.

Mwalimu akajibu, taratibu, kwamba watoto wanahesabiwa kila asubuhi katika rejista.

"Rejista ni ya serikali," mwenyekiti akasema. "Hao serikali wahesabu, ni wao. Mimi hapa naongea juu ya wangu."

Watu wakacheka, na wengine wakaanza kufunga leso waende nyumbani. Niliona uso wa yule msichana. Hakulia, watu wale hawalii mbele yako, lakini mikono ilikuwa inajikunja. Na nyuma, dirishani, nikaona vichwa vya watoto, na kimoja kilikuwa cha mwenzangu wa jina. Alikuwa ameshachaguliwa kuongoza wimbo wa Kijapani. Alikuwa akiuimba kwa ng'ombe asubuhi na jioni.

Nikasimama. Nikasema ni jambo dogo. Kila boma liongeze samaki mmoja ambaye si wa mtu. Kama una watano, weka sita. Anayetaka kuhesabu atahesabu uongo, na huyo anayechukua watoto akija atachukua kitambaa.

Mwenyekiti akauliza kama mtu anaweza kuongeza wawili. Nikamwambia yeye aongeze kumi, kwani hata sasa hajui walio wake. Ndiyo mara pekee niliyowahi kupigiwa makofi katika darasa la shule, na nilikaa chini vizuri, kama mtu aliyesoma.

Basi watu wakaanza kushona. Mianzi ilitoka msituni, askari wa msitu wakakubali kwa sababu watoto wao pia walikuwa katika shule hiyo. Nguo zilikuwa mifuko ya unga, shuka zilizopasuka, makoti ya mvua ya kuchumia chai. Mdomo wa samaki ulitengenezwa kwa waya au mmea unaotambaa, ukaviringishwa uwe duara ili upepo uingie. Macho yalichorwa kwa rangi iliyobaki ya madirisha ya shule. Samaki wangu alikuwa petikoti jeupe. Sisemi kwa kujisifu, lakini hakuna samaki aliyejaa upepo kama yeye. Sikuweka mweusi. Baba wa boma letu alikuwa chini ya ardhi na ardhi inamtosha.

Mjukuu alikata wake kwa kitambaa cha buluu, mdogo, na mkia umekaa upande. Akakata wa ziada kwa mfuko wa unga, maandishi ya kampuni yakibaki ubavuni. Halafu nikaona ana kitambaa chekundu. Ni kile mama yake alichoniletea Krismasi.

Nikamwuliza huyo ni wa nani. Akasema mwalimu amesema mwekundu ni mama. Nikamwambia mama yuko Kianjai. Akasema ndiyo, lakini atakuja, amemtumia salamu. Na kweli alikuwa amefanya hivyo. Alimwambia mama mmoja jirani anayekwenda Kianjai kununua maharagwe, akamwambia mwambie mama kuna sikukuu ya watoto na kila mtoto anatakiwa awe na mama, na mimi ndiye ninayeimba mbele. Yule jirani akapeleka salamu neno kwa neno, na akaleta nyingine: atakuja.

Niliendelea kuambua maharagwe. Baada ya muda yeye, bila kuinua kichwa kutoka kwa sindano, akauliza, "Cucu, kama mama angeweka mlingoti kule Kianjai, wale wavulana wawili wangekuwa hapo. Na mimi?"

"Na wewe nini?"

"Mimi ningekuwa yule wa ziada?"

Nilimwambia ashone, giza linaingia. Kuna maswali mtu hajibu kwa sababu jibu halimo mikononi mwake. Lakini nililijua tangu hapo. Alikuwa anataka kujua yeye ni wa nani, na alikuwa amekata tamaa ya kuniuliza mimi, akawa anauliza kwa nguo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na samaki wote walilala kwenye mianzi wakionekana kama matumbo ya mbuzi yaliyotundikwa. Watu walikuwa wakisema Mungu amekataa. Halafu mvua ikakatika, upepo ukashuka kutoka mlimani, ule wa baridi unaokausha kamba, na samaki wakaanza kuinuka. Si wote pamoja. Mmoja hapa anashtuka, mwingine kule anajaza tumbo. Ilikuwa kitu cha kutazama, nitasema ukweli. Wazee waliokuja kwa kukosoa walisimama midomo wazi.

Mwalimu alivaa nguo ya kwao, ya hariri, ambayo alituambia ni ya mama yake, yenye mikono mipana kama mifuko ya mahindi, na chini amevaa gambuti kwa sababu ya matope. Watoto walikuwa wamekunja karatasi za daftari wakatengeneza ndege na kofia za vita. Wavulana walichorewa duara kwenye nyasi wakasukumana nje, mchezo wa kwao huo, na wanaume wakaanza kuwashangilia kama mafahali. Kulikuwa na wali wa Mwea uliofinyangwa kwa mkono na kutiwa maharagwe mekundu katikati. Watu walisema hauna chumvi, wakarudi kuchukua wa pili.

Binti yangu alifika wali ukigawiwa. Hakuwa peke yake. Alikuja na mama mkwe wake, yule wa karibu na zizi. Wavulana walikuwa wamebaki na baba yao. Nilijua mara moja kwamba yule mama hakuja kuona watoto. Alikuja kuona kwa nini mke wa kijana wake anaitwa kwao bila mtu kufa.

Nikawasalimu, nikawapa kiti. Yeye anasema Kimeru na mimi Kiembu, tunasikilizana, lakini mtu akitaka kugombana na mwenzake kwa heshima hutumia Kiswahili. Akanywa maji. Akazungusha macho uwanjani, na watu walikuwa wamemweleza njiani samaki hao ni nini, kwa sababu macho yalikuja moja kwa moja kwa mwanzi wetu.

"Yule mweupe mkubwa ni nani?" akauliza.

"Ni mimi."

"Umenenepa. Na yule mwekundu?"

Nikasema ni mama ya mtoto.

"Mama ya mtoto ni bibi ya kijana yangu," akasema. "Amerudi kwenu lini?"

Waliokuwa karibu wakaacha kutafuna. Mimi si mjinga, nililiona wakati huo huo. Mwanamke aliyeolewa hafungwi kwenye boma la mama yake. Hata nguo yake ikikauka kwenye kamba ya kwao asubuhi mbili, majirani wanaanza kuuliza mume alimpiga na nini. Na sisi tulikuwa tumemwinua juu ya mwanzi, mwekundu, mahali ambapo watu wa Runyenjes wote wangemwona, na kutangaza kwamba ndoa ya Kianjai imekufa. Mtoto hakujua. Mwalimu asingeweza kujua. Mimi nilikuwa nikiangalia petikoti langu.

Nikamwambia ni kitambaa tu, mama, ni mchezo wa watoto.

"Kama ni mchezo kwa nini hukuweka mzee wako?" akasema. "Ulijua hayupo. Hata huyu hayupo. Ishushwe."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi. Watu wakamwangalia binti yangu. Yeye alikuwa amesimama kati yetu na kiondo kifuani, anatazama nyasi. Yeye tangu utoto ni mtu wa kunyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kumempatia mume na kumpotezea mtoto.

Mjukuu alikuwa amesikia. Alikuja kutoka kwa kundi la waimbaji, kofia ya karatasi kichwani, akashika kamba ya mwanzi wetu kwa mikono miwili. Akasema ni yeye aliyemweka, cucu hakumwambia. Hakulia. Alisema kama anajibu swali darasani. Halafu akamwangalia yule mkwe wa mama yake, ambaye hakuwa amewahi kusema naye, akamwuliza kwa Kiswahili, kwa ustaarabu wote wa mwalimu wake, "Mama akishushwa, mimi nimefungwa kwa nani?"

Yule mama alimwangalia miguu, ilikuwa na matope, akamwangalia uso. Nadhani alikuwa hajawahi kumwona karibu.

Binti yangu ndiye aliyesogea. Akamtoa mtoto mikono kwenye kamba, polepole, akafungua fundo akaanza kushusha. Samaki walishuka wakivutana. Petikoti lilinipita usoni. Alipofika kwa yule mwekundu akamfungua, akamkung'uta maji, akamkunja. Kila mtu aliona, na yule mama mkwe akatikisa kichwa kwamba sawa, yamekwisha, tuondoke.

Lakini mikono ya binti yangu haikuacha kamba. Akavuta tena kidogo, akafika kwa yule wa buluu mwenye mkia wa upande. Akamfungua huyo pia. Akamkunja ndani ya yule mwekundu, akawatia wote wawili ndani ya kiondo chake.

"Wangu nimeshusha, mama," akamwambia mkwe wake. "Na huyu ni wangu. Nikitoka hapa natoka na yeye, au tukae wote."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo, wala kabla wala baadaye. Kama yule mama angesema kaeni, angekaa, na watoto wake wawili wako Kianjai na baba yao. Hilo kila mwanamke aliyesimama pale alilielewa.

Yule mama alikaa akitazama mwanzi wetu, ambao sasa ulikuwa na mimi na mfuko wa unga. Halafu akanigeukia.

"Wewe umesikia?"

"Nimesikia."

"Unasema nini?"

Nilikasirika. Sitadanganya. Nilimlea yule mtoto nilipokuwa nalala na njaa, nikamfundisha kukamua na kuomba, na sasa anafungwa ndani ya kiondo kama mboga. Ningeweza kukataa. Watu wangekuwa upande wangu, na sheria ya nyumbani ingekuwa upande wangu, maana mtoto ni wa boma alilozaliwa. Lakini mtoto alikuwa ameshika leso ya mama yake kwa nyuma, vidole viwili tu, kama mtu anayeshika kitu cha duka bila uhakika kama atakinunua.

Nikamwambia, "Akienda kwenu anakwenda mtoto, si mfanyakazi. Atasoma. Na jina lake halibadilishwi."

"Jina ni lako, nani analitaka?" akasema. "Si zuri, lakini tutalizoea." Halafu akasema hawezi kuchukua mtoto njiani kama kuku, atazungumza na kijana wake, mwenye boma ndiye atakayekuja mwenyewe kama atakuja. Akaomba wali mwingine wenye maharagwe, afungie wavulana. Nikaenda kumletea.

Mtoto aliimba. Alisimama mbele ya wengine akiwa na matope mpaka magotini na akaimba wimbo wote wa Kijapani, ambao mpaka leo sijui unasema nini, na mwalimu mwenye gambuti alikuwa akipiga makofi polepole kando yake. Mama yake alisimama karibu na mbele kuliko wazazi wengine. Jioni wakaondoka, yeye na mkwe wake, na kiondo. Mtoto alibaki nami kungoja.

Ule muhula ulikuwa mrefu. Hakuuliza hata mara moja kama watakuja. Alisoma, akawa wa kwanza, akakamua. Mimi sikumtia moyo wala kumvunja. Nilifikiri yule kijana hatakuja. Niseme wazi kwamba siku nyingine nilifikiri hivyo kwa furaha.

Alikuja mwezi wa nane, shule zilipofungwa. Alikuja peke yake, amevaa koti la arusi, amebeba gunia la maharagwe ya kwao. Mwanaume akija na gunia begani mwenyewe, hakutuma mtu, amekuja kwa nia. Nikampa chai. Hakujua pa kuweka macho. Alipomaliza alimwita mtoto, akachuchumaa wawe sawa, akamwambia, "Mimi ndiye mume wa mama yako. Nyumba iko, shule iko karibu. Kama hutaki, uniambie mimi, usimwambie mama yako."

Mtoto akasema anataka. Halafu akaniangalia mimi, akingoja.

Nilikuwa nimeshafunga nguo zake kwenye leso tangu nilipoona gunia likipanda kilima. Nikamwambia aende, wasichelewe, mawingu yanashuka. Nikamwambia amsikilize yule mama mzee lakini asimwogope. Akaniinamia vile mwalimu wake alivyokuwa akiinama, mikono imenyooka kwenye mapaja, na sijui kama alikuwa akicheka au la. Wakashuka kwa njia ya katikati ya chai. Yeye mbele, mume wa binti yangu nyuma na ile leso.

Nilichukua kikapu nikaenda kuchuma, kwa sababu ilikuwa siku yetu ya kupeleka majani. Jioni karani wa kituoni alipima majani yangu machache, akatazama mizani, akatazama uso wangu, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni baridi ya Agosti, majani hayatoki.